Aliyeipiga Picha ya Mti Alisimama Wapi?

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Sina ubavu wa kuwakosoa wahenga, ila nadhani usemi wao una mpaka. Mwenye macho aliyesimama mbele ya mti kweli haambiwi tazama, kwa maana anaweza kuuzunguka, kuusogelea, kuinua shingo akione kilele chake, au hata kuupa kisogo ili aangalie kilicho nyuma yake. Mwenye macho aliyeshika picha ya mti hana hiari hiyo. Mtu mwingine alikwisha kumchagulia pa kusimama, saa ya kutazama na mahali pa kukomea. Huyu, kwa maoni yangu, yafaa aambiwe tazama, tena aambiwe mara mbili.

Msomaji huenda akauliza mwalimu wa isimu ameingiaje katika mambo ya kamera. Jibu ni jepesi. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi watu wanavyosema mambo, na picha ni namna mojawapo ya kusema. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona ajabu moja. Wanafunzi wetu ni hodari wa kuihoji sentensi: nani msemaji, anamlenga nani, amemficha nani kwa kutumia kauli ya kutendwa. Lakini wawekee picha mezani, na maswali yote hukauka. "Lakini Mwalimu, si hii hapa picha?" huniambia, kana kwamba picha ni ushahidi usiohitaji shahidi.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kila picha ina msemaji wake, na kwamba swali la kwanza la kumwuliza ni hili: ulisimama wapi? Nimechagua picha za miti zilizopigwa katika miaka ya mwanzo kabisa ya sanaa hii, kati ya miaka ya 1840 na 1860, kwa sababu mbili. Kwanza, mti hauigizi. Hauambiwi utabasamu wala usogee kidogo kushoto. Kwa hivyo mpangilio wote unaouona katika picha ya mti umetokana na maamuzi ya mpigapicha peke yake. Pili, baadhi ya maamuzi hayo yalikuja kugusa sheria, ardhi na maisha ya watu, na mwangwi wake bado unasikika hata huku kwetu.

Kabla ya kuingia msituni, natuyapime maneno mawili ya lugha yetu. La kwanza ni kutunga. Tunatunga shanga, tunatunga maua, tunatunga mashairi na insha. Katika yote hayo mtunzi ana vitu vingi mbele yake, anavichagua, kisha anavipitisha katika uzi mmoja kwa utaratibu anaoutaka. Mchoraji naye hutunga vivyo hivyo: mti ukimkera upande wa kulia, atauchora kushoto. Mpigapicha hana uwezo huo. Mti una mizizi, na mwenye kamera hawezi kuung'oa. Atakachoweza ni kujing'oa yeye mwenyewe: asogee, arudi nyuma, apande mwamba, au angoje jua lihame.

La pili ni mandhari. Neno hili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutazama. Mandhari, basi, si ardhi tu. Ni ardhi inayotazamwa, na penye kutazamwa hapakosi mtazamaji. Yeyote asemaye kwamba picha fulani inaonyesha mandhari yalivyo amesahau kwamba ndani ya neno lenyewe mna macho ya mtu.

PANA MTI

Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa mtu wa elimu nyingi. Mwezi Oktoba 1833, akiwa matembezini kando ya ziwa Como nchini Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa chombo cha prizimu kilichowasaidia wachoraji kuona umbo la kitu juu ya karatasi. Mkono wake haukutii. Ndipo akaanza kuwaza kama ingewezekana mwanga wenyewe uichore sura ya kitu na kuiacha pale karatasini. Wazo hilo lilimtia kazini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alipotangaziwa sifa kwa uvumbuzi wake wa picha za bamba la shaba lililopakwa fedha, Talbot naye alijitokeza na njia yake ya karatasi. Mwaka 1841 aliisajili njia iliyoboreshwa, ambayo ilitoa kwanza negativu ya karatasi, na kutoka kwa negativu moja zikachapishwa picha nyingi. Huo ndio msingi wa upigaji picha wa filamu ambao wazazi wetu waliujua.

Miongoni mwa picha zake za miaka hiyo ya mwanzo ya 1840 mna moja ya mti wa mwaloni wakati wa baridi, uliopigwa Lacock, penye makao yake katika eneo la Wiltshire. Picha yenyewe ni sahili mno. Mti mmoja umesimama katikati. Ardhi ni ukanda mwembamba chini. Nyuma, kwa mbali, miti mingine imefifia. Sehemu nyingine yote ni mbingu nyeupe, na juu ya weupe huo matawi makubwa kwa madogo yametawanyika hata yakakaribia kingo za karatasi.

Kwa nini mti usio na majani? Hapa yafaa tukumbuke ugumu wa vyombo vya wakati ule. Karatasi iliyotiwa dawa ya madini ya fedha ilihitaji kuachwa wazi mbele ya mwanga kwa dakika nzima au zaidi. Upepo ukivuma, majani yalitikisika na kutoka kama ukungu. Isitoshe, dawa hiyo ilikuwa kama nusu kipofu wa rangi. Iliuona vyema mwanga wa buluu, lakini rangi ya kijani iliuathiri uchache. Matokeo yake ni kwamba mbingu ilitoka nyeupe pe, nayo majani yakatoka meusi, donge moja lisilo na umbo. Mti uliopukutisha majani uliondoa mashaka yote hayo kwa mpigo mmoja. Udhaifu wa dawa ukageuka kuwa nguvu ya picha: mbingu nyeupe ikawa karatasi, na matawi meusi yakawa mwandiko.

Sikulitumia neno mwandiko kwa kupamba tu. Talbot alikuwa pia mtu wa lugha. Mwaka 1847 alichapisha kitabu kuhusu asili za maneno ya Kiingereza. Mwaka 1857 alikuwa mmoja wa wataalamu wanne waliotafsiri, kila mmoja peke yake, maandishi ya kale ya Waashuri yaliyochongwa kwa umbo la kabari, ili ijulikane kama kweli maandishi hayo yalikuwa yamefumbuliwa. Tafsiri zao zilipolinganishwa zilikubaliana kiasi cha kuondoa shaka. Mtu wa namna hiyo akiutazama mti mkavu juu ya mbingu nyeupe, yamkini huuona kama ishara inayosubiri kusomwa.

Katika sarufi yetu ningesema Talbot alisimama katika PA. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaifahamu ngeli ya mahali na viambishi vyake vitatu: PA kwa mahali mahsusi panapojulikana, KU kwa mahali pa jumla au pa mbali, na MU kwa mahali pa ndani. Talbot anatuambia: pana mti. Pale, si kwingine. Mti huu mmoja, wenye matawi haya, siku hii.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo singependa tulipitishe bila kulihoji. Kati ya mwaka 1844 na 1846 Talbot alitoa kwa sehemu sita kitabu chenye picha 24, akakiita The Pencil of Nature, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Kalamu ya Maumbile. Jina ni zuri, lakini lina mtego. Linatufanya tuamini kwamba maumbile yamejichora yenyewe na hakuna mtu aliyeingilia. Lakini ni nani aliyechagua majira ya baridi? Nani aliyeuweka mti katikati na kuiacha miti mingine ififie? Kalamu hiyo ilikuwa na mkono ulioishika.

MNA MITI

Tuvuke bahari twende Ufaransa. Kusini mashariki mwa Paris, mwendo wa kilomita kama 60, kuna msitu wa Fontainebleau. Wachoraji waliokuwa wakikaa katika kijiji cha Barbizon, akiwemo Théodore Rousseau, waliupenda msitu huo kupindukia. Kuanzia mwaka 1849 hivi, Gustave Le Gray, ambaye alikuwa amesomea uchoraji kabla ya kushika kamera, naye akaingia humo na vyombo vyake.

Nasema akaingia, na neno hilo nalikusudia. Le Gray hakusimama nje akautazama msitu kama mgeni anayeutazama mlango. Alijipenyeza kati ya mashina. Katika picha zake nyingi za Fontainebleau huoni vilele, maana kingo za picha zimevikata. Huoni upeo wa macho. Unaona shina la mti lililo karibu kiasi cha kukushawishi uliguse gamba lake, unaona mizizi, unaona vipande vya mwanga vilivyoanguka ardhini, na pengine njia inayopinda na kupotea gizani. Kile kilichokuwa tatizo kwa Talbot, yaani majani kutoka meusi, Le Gray alikigeuza kuwa kivuli, na ndani ya kivuli mwanga mdogo ulipata thamani kubwa.

Huyu alisimama katika MU. Hasemi pana mti wala kuna miti. Anasema mna miti, nami nimo. Mtazamaji wa picha yake hakai nje. Anavutwa ndani, na kwa kuwa haoni mwisho wa msitu, anauona kuwa hauna mwisho. Mbinu ya kukata ndiyo iliyoleta ukubwa. Nawaomba walimu wa insha walitafakari jambo hilo. Mara nyingi tunawahimiza wanafunzi waeleze kila kitu, na wanapofanya hivyo msitu wao unakuwa mdogo kama kitalu cha miche.

Le Gray alikuwa mwalimu pia, na wapigapicha kadhaa mashuhuri wa Ufaransa walipitia mikononi mwake. Baadaye madeni yalimlemea, akaihama Paris mwaka 1860. Alimalizia maisha yake barani Afrika, mjini Cairo, ambako alifundisha uchoraji hadi alipofariki mwaka 1884. Msitu aliouenzi ulipata ulinzi wa aina yake. Wachoraji walipinga ukataji wa miti mikongwe, na Rousseau alipeleka malalamiko yao kwa watawala. Mwaka 1861 amri ya Mfalme Napoleon wa Tatu ilitenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu huo zihifadhiwe kwa ajili ya uzuri wake. Hapo tunaanza kuona kwamba namna ya kutazama mti yaweza kuwa sheria.

KUNA MITI

Mwaka huohuo wa 1861, upande wa pili wa dunia, mpigapicha Carleton Watkins alikuwa akipanda milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California, Marekani. Alizaliwa mwaka 1829 katika jimbo la New York, na kama vijana wengi wa siku zile alivutwa California na harufu ya dhahabu. Alichopata ni kamera. Kwa safari hii alikuwa na kamera kubwa ajabu, yenye kutumia vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56. Njia aliyotumia, iliyovumbuliwa mwaka 1851, ilitaka kioo kipakwe dawa, kitumiwe na kusafishwa kikiwa bado kimelowa. Maana yake ni kwamba mpigapicha alilazimika kubeba chumba chake cha giza, yaani hema, pamoja na vioo, dawa na maji, hadi mlimani. Mizigo hiyo ilibebwa na baghala, wale chotara wa punda na farasi.

Watkins alikuwa akielekea bonde la Yosemite na kichaka cha Mariposa, penye miti ya sekwoya. Mmoja wa miti hiyo huitwa Grizzly Giant. Una urefu wa takriban mita 64, na umri wake hukadiriwa kuwa karibu miaka 3,000. Je, mti wa namna hiyo utautiaje katika picha? Ukiusogelea utapata gamba tupu. Ukirudi nyuma, miti mingine inakuziba. Watkins alitafuta nafasi ambapo mti mzima ungeingia, akasimamisha fremu yake wima, kisha akaweka watu chini, penye shina. Watu hao hawakuwekwa ili wajulikane. Waliwekwa wawe kipimo. Jicho linamwona mtu, mdogo kama chungu, halafu linapanda shina taratibu hadi kileleni, nalo linapofika huko limekwisha kuelewa ukubwa ambao takwimu hazingeueleza.

Hapa ndipo penye KU: kule, mbali, kwa mapana. Katika picha zake za bonde, Watkins aliweka aghalabu mti mmoja au miwili mbele ili jicho lipate pa kukanyaga, halafu uwanda wazi, halafu maporomoko na majabali nyuma yake. Kila tabaka lilisomeka, na picha ilitoa hisia ya ukimya, kana kwamba dunia ilikuwa imeumbwa asubuhi hiyo.

Picha hizo zilionyeshwa mjini New York mwezi Desemba 1862, wakati taifa lile lilikuwa likimwaga damu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 30 Juni 1864, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi jimbo la California bonde la Yosemite na kichaka cha Mariposa, vitunzwe daima kwa ajili ya umma. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba picha za Watkins zilichangia kuwashawishi waliokuwa hawajakanyaga huko. Hilo lilikuwa jambo jema. Miti ambayo ingaliweza kupasuliwa mbao ingali imesimama hadi leo.

Lakini msinihimize kupiga makofi haraka. Mtu huyohuyo, mwaka 1863, alipiga picha katika pwani ya Mendocino, penye viwanda vya kupasulia miti mikubwa ya California iwe mbao, na picha hizo nazo ni nzuri. Hakuwa mnafiki. Alikuwa fundi aliyejua kulitunga lililo mbele yake. Hata hivyo, funzo ni kwamba uzuri wa mpangilio hautuambii peke yake kama jambo linalopangwa ni jema au baya.

NJE YA FREMU

Sasa tuulize kilichobaki nje. Bonde la Yosemite halikuwa tupu. Lilikuwa makao ya Waahwahneechee. Mwaka 1851, miaka kumi tu kabla ya Watkins kufika na kamera yake kubwa, kikosi cha askari wa kujitolea kiliingia bondeni, kikateketeza vijiji na kuwafukuza wenyeji. Baadhi yao walirejea baadaye na kuendelea kuishi humo.

Fauka ya hayo, ule uwanda wazi unaopendeza katika picha, ambao miti yake imeachana kama katika bustani, haukuwa hivyo kwa bahati. Wenyeji waliuchoma moto kwa vipindi na kwa maarifa, ili vichaka visisonge, nyasi ziote na mialoni mieusi izae vizuri. Mbegu za mialoni hiyo ndizo zilizokuwa chakula chao kikuu. Miti iliyo mbele katika picha za namna hiyo ilikuwa, kwa lugha nyingine, shamba la watu.

Hapo sarufi yetu inatusaidia tena. Kiswahili kina namna tatu za kulisema jambo hili. Naweza kusema wenyeji waliufungua uwanda. Naweza kusema uwanda ulifunguliwa, na hapo mtenda amejificha lakini tunajua yupo. Au naweza kusema uwanda umefunguka, na hapo mtenda ametoweka kabisa. Picha za mandhari husema karibu zote kwa kauli hii ya tatu. Uwanda umefunguka. Msitu umetulia. Bonde limebaki. Si uongo, maana kila tulichokiona kilikuwepo. Ni sarufi tu, lakini ni sarufi yenye gharama.

Gharama yenyewe ilionekana. Walioamini kwamba uzuri wa Yosemite ulijitokea wenyewe waliona kazi yao ni kuzuia moto. Baada ya miongo mingi ya kuzuia, miti midogo ilisonga nyanda zilizokuwa wazi na kuni zikarundikana chini ya sekwoya. Kumbe sekwoya yenyewe huhitaji joto la moto ili matunda yake makavu yafunguke na kumwaga mbegu, na ardhi iliyosafishwa na moto ili miche iote. Ndiyo sababu wataalamu walianza tena, hasa kuanzia miaka ya 1970, kuwasha mioto midogo kwa makusudi. Julai 2022 moto mkubwa ulikikaribia kichaka cha Mariposa, na watunzaji wakalazimika kuweka mitambo ya kunyunyizia maji kuuzunguka Grizzly Giant.

Mtu asidhani haya ni ya ng'ambo pekee. Kamera iliingia pande zetu mapema. Tabibu na mtaalamu wa mimea John Kirk, aliyefuatana na David Livingstone katika msafara wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858, alipiga picha huko kabla hajahamia Unguja, ambako baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza. Wazo nalo lilifuata kamera. Baada ya Yosemite, Marekani iliunda hifadhi ya taifa ya Yellowstone mwaka 1872, na mtindo wa hifadhi isiyokaliwa na watu ukaenea duniani. Hapa Kenya hifadhi ya taifa ya kwanza, ile ya Nairobi, ilianzishwa mwaka 1946 katika nyika ambayo Wamaasai walikuwa wakichungia mifugo yao. Hadi leo kalenda na kadi za posta zinazouzwa kwa watalii hupenda mgunga mmoja, jua linalotua, na hakuna mtu. Mgunga huo una kivuli, na kivuli hicho mara nyingi kina mchungaji, lakini mchungaji amekatwa na ukingo wa picha.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Wapigapicha wa mandhari wamelipindua neno hilo wakatufundisha kwamba penye miti hapana wenyeji. Fikra hiyo imefika hadi mahakamani. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba kuwaondoa kulihitajika ili msitu utunzwe. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia. Sisemi kwamba kesi hiyo ilianzishwa na picha. Ninachosema ni kwamba kizazi kilicholelewa na picha za misitu mitupu kitaona ni kawaida kumwona mkazi wa msitu kama doa.

Tazameni kinyume chake pwani. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, imedumu kwa sababu ya watu. Ndani yake mlikuwa na makao ya mababu, mna makaburi, mna miiko inayosimamiwa na wazee. Ukisimama kule barabarani ukapiga picha, utapata kilima chenye miti. Ukiruhusiwa kuingia mle ndani kwa adabu inayotakiwa, utaelewa kwa nini kilima hicho bado kina miti.

ZOEZI LA DARASANI

Nawageukia walimu wenzangu. Wanafunzi wetu wanazaliwa katika dunia ambayo karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na wanaona picha nyingi kwa siku moja kuliko alizoona Talbot maishani mwake. Tunawafunza vina na mizani, jambo ambalo ni jema, lakini hatuwafunzi kusoma kitu wanachokisoma zaidi ya vyote.

Zoezi ninalolipendekeza halihitaji fedha wala simu, ambazo shule nyingi haziziruhusu. Chukueni karatasi ngumu, mkate katikati dirisha la mstatili lenye ukubwa wa kiganja. Hiyo ndiyo kamera. Waongozeni wanafunzi hadi penye mti wa shule, uwe mwarobaini, mkuyu au mgunga. Kwanza wasimame mahali mti mzima unapoingia dirishani, waandike aya inayoanza na neno pana. Halafu wausogelee hadi wawe chini ya matawi, waandike aya ya mna. Kisha warudi mbali, mti uwe sehemu tu ya uwanja na majengo, waandike aya ya kuna. Watashangaa kuona kwamba mti ni uleule, lakini aya si zilezile. Na huo ndio utunzi.

Aya ya nne ndiyo muhimu kuliko zote. Wateremshe karatasi, watazame pande zote, waandike kilichoachwa nje ya dirisha katika kila picha: mpishi anayechanja kuni, mzee aliyeupanda mti huo, shimo la takataka, njia ya mkato wanayopitia watoto. Halafu wajadili nani alifaidika kwa kuachwa na nani alidhulumiwa.

Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo hata mara moja hataitazama tena picha ya msitu, ya maandamano, ya kambi ya wakimbizi au ya mwanasiasa akipanda mche bila kujiuliza mpigapicha alisimama wapi na nani alisimama nyuma ya kamera yake. Wapigapicha wa kale walituachia miti mizuri, nasi tuna haki ya kuifurahia. Lakini tuwafunze watoto kuifurahia wakiwa macho.